Jibini ya Kibuyu, Sehemu ya Tisa: Tumbo la Mzee Metito

Kifuniko kiliinuka.

Nyinyi mlioachwa Jumamosi iliyopita mkikikodolea macho, poleni. Nasikia wengine hata chakula cha jioni kiliwashinda. Basi jueni kwamba hamkukosa kitu, kwa maana kilichokuwa chini ya kifuniko hicho hakiliki.

Juu ya sahani ya marumaru ya Kajiado, pale katikati, mahali pa heshima palipotengewa jibini ya kibuyu, palikuwa na vipande vya manjano vya mraba. Vilikuwa kumi na viwili, na kila kimoja kilikuwa kimechomekwa kijiti cha meno.

Jibini ya supamaketi!

Wasomaji watukufu, tusimame kwa dakika moja ya maombolezo.

Ketini.

Kwa mgeni aliyeingia leo na kukuta tumesimama, mambo ni haya. Naipanoi ana mkahawa mdogo Noonkopir, hapa Kitengela, na sahani yake ya jibini za mbuzi ndiyo inayowaleta watu. Mzee Metito wa Isinya ana mbuzi mia tatu, na ametangaza kwamba maziwa yao yataenda kwa mtu mmoja tu. Mtu huyo ni Naipanoi, au ni Felix Katoo mwenye hoteli kubwa kule Kajiado mjini. Leo saa saba mzee anaonja sahani ya Naipanoi, saa kumi anaonja ya Felix, na kabla ya jua kutua atatoa neno.

Bila maziwa hayo Naipanoi hana jibini. Bila jibini ana meza sita na dirisha linalotazama vumbi.

Mzee Metito aliinamia sahani. Akakichukua kipande kimoja kwa kijiti chake, akakigeuza kwenye mwanga.

"Nakerai," akasema kwa upole, kama baba anayemwita mwanawe, "hii ni sabuni?"

Naipanoi alitabasamu kama mwanafunzi aliyekutwa na simu ndani ya Biblia.

"Hapana, baba. Hiyo ni... ya mapambo. Nipe dakika mbili tu."

"Dakika niko nazo nyingi," mzee akasema. "Ni meno ndiyo yamebaki machache."

Naipanoi aliingia jikoni bila kugusa sakafu.

Pale kando ya jiko la nyama choma alisimama Munguti, mpishi, umri miaka arobaini na mitano, baba wa watoto wanne, mzee wa kanisa. Mashavu yake yalikuwa yamevimba.

"Munguti! Unakula nini?"

"Mm-mm."

"Fungua mdomo."

Mzee wa kanisa akafungua mdomo.

"Ni maganda tu, madam!" akalia akitafuna. "Zile umekata pembeni! Sasa mimi naeza kula jibini ya mgeni?"

"Wiki iliyopita ulikula."

"Wiki iliyopita ilikuwa imeharibika."

"Ilikuwa na miezi minane, Munguti! Ilikuwa inaiva! Ile ya kibuyu iko wapi?"

Munguti akaangalia dari. Akaangalia viazi. Viazi havikumsaidia.

"Kavutha alitoka nayo saa tano," akasema. "Kwa ule mkebe wa aiskrimu, wa buluu."

Kavutha!

Huyu si mfanyakazi wa juzi. Kavutha na Naipanoi walilala kitanda kimoja cha ghorofa tangu kidato cha kwanza, mmoja juu, mmoja chini. Waligawana sukari, sabuni na adhabu. Mkahawa waliufungua pamoja miaka sita iliyopita.

"Usinidanganye, Munguti. Kavutha aibe jibini yangu?"

"Mimi sijasema ameiba. Nimesema alitoka nayo. Huko mbele umeenda wewe mwenyewe."

"Ni kweli, niliitoa," sauti ikasema kutoka mlangoni.

Alikuwa Kavutha, na mkebe wa buluu ulikuwa mikononi mwake.

"Niliitoa kwa friji nikaiweka stoo ipate joto," akasema huku akihema. "Si ni wewe hunifundisha kila siku? Jibini ikitoka baridi haisemi kitu. Ipewe saa moja ya kuamka."

"Na zile za supamaketi?"

"Za kushika nafasi chini ya kifuniko, ndio sahani isikae pengo. Nilijua huwezi kuipeleka kabla nirudi. Mbona ulikimbia hivyo?"

Akafungua mkebe. Jibini ya kibuyu ilikuwa ndani, nzima, imefungwa kitambaa cheupe, ikinukia moshi mtamu.

Haya, ni nani kati yenu alikuwa ameshamhukumu Kavutha? Msiangalie chini. Niliwaona.

Naipanoi alimkumbatia rafiki yake mpaka mkebe ukapinda.

"Nisamehe, Kavu. Nilikuwa nimeshakufikiria vibaya."

"Wewe ni wangu," Kavutha akasema. "Peleka sahani."

Sasa toeni madaftari, kwa sababu sahani hiyo ilipangwa mbele ya macho yangu, na sitarudia.

Sahani ya jibini si duka. Ukiweka aina kumi na tano, mgeni atachanganyikiwa na aombe chapati. Naipanoi huweka tano tu. Huanza na ile nyeupe laini, isiyotaka ugomvi na mtu. Hufuata ya pilipili manga, halafu ile ngumu ya miezi minane. Kisha huja yenye mishipa ya buluu, ambayo hunuka kama soksi za bweni wiki ya mitihani, na wanaoipenda huipenda kwa sababu hiyo hiyo. Mgeni huizunguka sahani kutoka kwa mpole hadi kwa mkali. Ya kibuyu hukaa katikati, kama mwalimu mkuu kwenye picha ya shule.

Kila jibini hupewa kisu chake, ili ya buluu isiambukize wenzake tabia. Kando huwekwa asali ya Kitui kwa wanaopenda utamu, ukwaju kwa wanaopenda kukunja uso, na mkate mkavu usiopiga kelele. Na nafasi huachwa, kwa sababu jibini zikisongamana huonekana kama mabaki.

La mwisho ni kwamba anayebeba sahani awe anajua maziwa yalitoka wapi. Naipanoi angeweza kumtaja mbuzi kwa jina.

Alipiga goti mbele ya Mzee Metito na kuiweka sahani mezani.

"Hii ya katikati, baba, maziwa yake yalilala usiku mzima ndani ya kibuyu. Kibuyu chenyewe kilisuguliwa ndani kwa kijiti cha mzeituni mwitu kinachowaka."

"Oloirien," mzee akasema, akiutaja mti huo kwa Kimaa.

"Oloirien, baba."

Mzee aliinama, akanusa. Akafumba macho. Yalipofunguka yalikuwa na maji.

"Huu moshi ni wa nyumba ya mama yangu," akasema.

Mzee akachukua kisu. Kisu kikagusa jibini.

Kisha mzee akakirudisha kisu mahali pake.

"Siwezi."

"Baba?"

"Nimekula nyama."

Mkahawa ulinyamaza kama bweni linaposikia viatu vya mwalimu wa zamu.

"Nyama gani?" Naipanoi akauliza. Sauti yake haikufika mbali.

"Mbavu za mbuzi. Tamu sana. Mwambie mpishi."

"Asante, mzee!" Munguti akaitikia kutoka jikoni, maskini, bila kujua anashukuru msiba.

Vijana wengi wa Kitengela siku hizi hula mkate wenye nyama na jibini ndani, tena wanajipiga picha. Mzee Metito si kijana wa Kitengela. Kwake yeye siku ya nyama ni ya nyama, na siku ya maziwa ni ya maziwa. Huwezi kumla mnyama kisha ukamwomba maziwa kama vile hamjakosana.

Naipanoi aligeuka polepole.

"Nani alimpa mbavu?"

"Mimi," Kavutha akasema, mikono juu. "Alikuwa na njaa, Naipa! Amekaa hapo tangu saa tano na nusu, wewe uko jikoni na visu vyako. Mimi ni Mkamba. Kwetu nyama na maziwa hazina vita. Ningejua aje?"

Ni kweli, angejuaje? Naipanoi akafungua mdomo amsamehe, mara ya pili ndani ya robo saa.

"Unajua," mzee akasema.

Wote wakamgeukia.

"Wewe binti, si ni wewe ulinipigia simu jana? Ukaniuliza nakula nini. Nikakuambia kesho kwangu ni siku ya maziwa, nyama nisiletewe. Ukasema, 'Sawa mzee, nimeandika.'"

Kavutha akaanza kupangusa meza iliyokuwa safi.

"Kama uliikataza nyama, baba, mbona ukaila?" Naipanoi akauliza.

Mzee Metito aliiangalia fimbo yake. Aliona haya, na haya hiyo haikuwa yake.

"Aliniambia jibini yako imeoza, nakerai. Kwamba unaona aibu kuja kuniambia mwenyewe. Kwamba umeagiza nichomewe mbavu uniombe msamaha. Sasa mtu anakataa msamaha aje? Nikala. Halafu ukaja na kifuniko, nikaona zile sabuni. Nikasema, kweli, maskini, imeoza."

Ndiyo sababu jibini ilirudi salama, wasomaji wangu. Haikuwa na haja ya kupotea tena. Wakati mkebe wa buluu ulipofunguliwa jikoni, mbavu zilikuwa zimeshafika tumboni.

"Kavutha," Naipanoi akasema.

"Usiniangalie hivyo."

"Kavutha."

"Felix amenipa jikoni yake!" Kavutha akalipuka. "Yote! Watu wanane chini yangu! Mimi ndio nitakuwa mkuu!"

"Tangu lini mnaongea na Felix?"

"Tangu Pasaka."

"Pasaka ulikuwa kwetu Isinya. Ulilala kitanda changu. Ulikula na mama yangu."

"Nilikula, nikaosha vyombo pia. Nani huosha vyombo, Naipa? Miaka sita nakanda, nakamua, nageuza jibini kila asubuhi kama watoto wachanga. Mgeni akiniulizia unasema, 'Huyu ni Kavutha, hunisaidia.' Hunisaidia! Kama mtoto ametumwa chumvi!"

"Ungeniambia."

"Nilikuambia mara tatu. Ulikuwa unaongea na wageni."

Hilo liliingia.

Kavutha akafungua aproni yake, akaikunja vizuri, kona kwa kona, akaiweka kando ya sahani. Kisha akageuka kwa adabu kubwa.

"Mzee, twende. Gari ya Felix iko hapo nje. Anakungojea Kajiado saa kumi na sahani yake."

"Sahani ya nini?" mzee akauliza.

"Ya jibini."

"Binti, si nimesema nimekula nyama?"

"Ndiyo, mzee. Lakini umekula hapa. Hiyo ingine ni sahani ingine. Hoteli ingine. Hata mji mwingine!"

Mzee Metito alimtazama kwa huruma ya kweli.

"Sahani ni mbili," akasema. "Tumbo ni moja."

Kavutha alibadilika rangi.

"Nilidhani... si ni kutochanganya tu? Kwa mlo mmoja?"

"Ni siku, binti. Mpaka jua litoke tena."

Jikoni kukasikika sufuria ikianguka. Munguti alikuwa akicheka, na kicheko kilimzidi nguvu.

Kavutha alikuwa ameandika kila neno alilosema mzee, na hakuelewa hata moja. Ni ugonjwa unaojulikana sana katika safu ya mbele ya darasa. Mtego aliomtegea Naipanoi ulikuwa umemnasa hata bosi wake mpya.

Alimpigia Felix simu. Hakuiweka kwenye spika, lakini haikuhitajika.

"Umempa NINI?" simu ikapiga kelele.

"Mbavu," Kavutha akanong'ona.

Sitaandika alichojibu Felix. Gazeti hili husomwa na watoto.

Mzee Metito akainuka, akaegemea fimbo.

"Basi nisikilizeni, na yule wa kwa simu aambiwe. Kesho saa nne asubuhi, nyumbani kwangu Isinya. Sahani mbili, meza moja. Nisiletewe nyama na nisiletewe hadithi. Nikimaliza kuonja, nitasema maziwa yanaenda wapi, na sitasema mara mbili."

Naipanoi akainamisha kichwa. Mzee akamgusa utosini kwa kiganja, akatoka. Mlangoni alikumbuka jambo.

"Zile mbavu zimebaki, mpishi anifungie."

Walibaki wawili. Kavutha alikuwa amesimama na mkoba wake begani, kama mtu aliyekosa gari na hataki kuonekana.

"Naipa, kabla niende, kuna kitu unafaa ujue."

"Nenda."

"Si juu yangu. Ni juu ya kile kibuyu..."

"Miaka kumi na mitatu, Kavutha. Kitanda kimoja. Nenda."

Kavutha akashika kitasa cha mlango.

"Sawa. Utajionea mwenyewe."

Mlango ukafungwa. Naipanoi hakulia. Alikaa chini akaitazama jibini ya kibuyu, na hapo akaona msiba mwingine.

Ilikuwa inatoka jasho. Saa mbili ndani ya stoo ya mabati, katika jua la Kitengela, halafu muda wote huu mezani. Mafuta yalikuwa yakichuruzika juu ya marumaru, na kitambaa kilichobaki chini yake kilikuwa kimeshikamana na ganda. Kufikia kesho saa nne ingekuwa haifai hata kwa Munguti.

Ilibaki moja tu duniani, na ilikuwa Isinya, kwa mama yake. Huko ndiko kibuyu chenyewe kinakoishi, kwa sababu mama, Nailantei, hakubali kiguse mji. Maziwa hulala kwake, na jibini ndizo husafiri.

"Munguti, gari yako inawaka?"

"Inawaka ikisukumwa."

"Sukuma."

Walifika saa kumi na moja. Naipanoi aliruka chini kabla gari halijasimama, na harufu ikampokea hapo zizini. Ilikuwa ya moshi wa oloirien, mbichi, wa sasa hivi.

Moyo wake ukainuka. Mama alikuwa amesikia! Habari za Kitengela hukimbia kuliko gari la Munguti. Yeyo wake alikuwa ameshaketi, anasugua kibuyu, anamwandalia mwanawe vita vya kesho. Kwa mara ya kwanza siku hiyo, Naipanoi alicheka.

"Yeyo!" akaita. "Mama, nimefika!"

"Taratibu," sauti ya mama yake ikasema kutoka ndani. "Usikiunguze. Zungusha mkono, usisukume."

Hakuwa akimwambia yeye.

Naipanoi aliinama mlangoni. Mama yake alikuwa ameketi kwenye kigoda. Kando yake, amechuchumaa, mikono ya shati la bei ghali imekunjwa hadi viwikoni, viatu vipya vimejaa majivu, alikuwa Felix Katoo. Kibuyu kilikuwa katikati ya magoti yake. Kijiti kinachowaka kilikuwa mkononi mwake.

"Naipanoi," Felix akasema. Alikuwa na adabu ya kutosha kuinamisha macho. "Sopa."

Salamu ilianguka chini, ikabaki hapo.

"Yeyo. Huyu anafanya nini kwetu?"

"Anajifunza."

"Ni Kavutha alimleta. Sivyo? Alikudanganya. Amedanganya kila mtu leo, hata Mzee Metito. Yeyo, kama amekuambia mimi nimekubali..."

"Kavutha hajaniambia kitu," mama akasema. "Kavutha nilimtuma mimi."

Nje, gari la Munguti lilikohoa na kuzimika.

"Ulimtuma," Naipanoi akarudia. "Kwa Felix."

"Pasaka. Akiwa anaosha vyombo. Alinisikiza." Mama yake alichukua kibuyu kutoka kwa Felix, akanusa ndani, akakirudisha. "Ongeza kidogo hapo chini."

"Kwa nini, yeyo?" Sauti yake ilikuwa ya msichana wa kidato cha kwanza siku ya kuripoti. "Mimi ni mtoto wako."

Mama aliinua macho. Hakuwa amekasirika. Afadhali angekasirika.

"Miaka sita unabeba moshi wangu kuwapelekea wageni wa Kitengela. Nasikia unawapigia magoti. Nasikia unawawekea asali na visu vitano. Niambie, nakerai. Ni siku gani uliwahi kuniletea mimi hiyo sahani?"

Naipanoi alitafuta siku hiyo. Aliitafuta kwa nguvu zake zote. Hakuipata.

"Huyu aliniletea," mama akasema, akimwonyesha Felix kwa kidevu. "Alitoka Kajiado nayo mikononi. Akapiga goti hapo hapo umesimama."

Kisha Nailantei akajifunga shuka vizuri begani na kumsogezea binti yake kigoda.

"Kaa, unywe chai. Ukimaliza nenda ulale mapema, kwa sababu kesho saa nne kwa Metito, sahani ya Felix nitaibeba mimi."